Sasa Nani Anakutuma?

Mtu akiacha kazi ya kuajiriwa, watu humuuliza habari ya mshahara. Utaishije? Una akiba ya miezi mingapi? Ni maswali ya haki. Lakini siku hiyohiyo kuna kitu kingine kinachoondoka ambacho hakuna anayekipigia hesabu: mtu wa kusema "hiyo siyo kazi yetu". Ofisini kuna idara, kuna bajeti, kuna bosi na tabia zake, na vyote hivyo, hata vikikuudhi, vinafanya kazi ya kukataa kwa niaba yako. Ukiletewa jambo lililo nje ya mipaka unasema "waandikie uongozi", unarudi kwenye shughuli zako. Ukishajiajiri, kila ombi linakuja moja kwa moja kwenye simu yako, na kila ombi lina sura ya riziki. Utajuaje lipi ni lako?

Kwangu mimi hapo ndipo dhamira ya kazi inapoanza kuwa na maana. Sizungumzii ile ya kubandikwa ukutani kwenye fremu. Nazungumzia sentensi moja au mbili, zilizoandikwa mahali unapoziona, zinazokusaidia kumjibu mtu usiyemjua aliyekuandikia saa nne usiku akitaka kazi iishe keshokutwa. Kama hazikusaidii kumjibu huyo, ni pambo tu.

Niseme mapema kwamba "nafanya chochote kinacholipa" nayo ni dhamira, tena halali kabisa. Kodi ya nyumba haisubiri mtu ajitambue. Ila wengi hawaichagui, wanajikuta nayo. Mwaka unapita, wana wateja wa kila aina, na hakuna hata mmoja kati ya wateja hao anayeweza kumweleza mwenzake huyu mtu anafanya nini hasa. "Yule? Mchapakazi, anajua mambo mengi." Sifa nzuri, lakini hakuna mtu anayeamka asubuhi akitafuta mtu anayejua mambo mengi. Anatafuta mtu wa jambo fulani.

Nina rafiki yangu mhasibu. Alifanya kazi kwa miaka kadhaa kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu, akaacha, akaanza peke yake. Mimi kazi yangu ni uhariri, na moja ya adhabu za kuwa mhariri ni kwamba marafiki hukutumia sentensi zao. Yeye alinitumia hii:

"Dhamira yangu ni kutoa huduma bora za kifedha zenye weledi, uadilifu na ubunifu kwa wateja mbalimbali ili kuwawezesha kufikia malengo yao."

Chini yake akaongeza: "Kaka, sema ukweli, usinionee haya."

Nikampigia. Nilianza na ubunifu. Mhasibu mbunifu? Akaangua kicheko mwenyewe, kwa sababu anajua kuliko mimi kwamba watu wakianza kusifia ubunifu kwenye vitabu vya hesabu, kinachofuata ni polisi. Tukaufuta. Nikamuuliza kuhusu "huduma bora": kuna mtu anayetangaza huduma mbovu? Tukafuta "bora". "Wateja mbalimbali" ni dunia nzima, ukiwatoa labda watoto wachanga. "Malengo yao" ni yapi? Hakuyajua, na asingeweza kuyajua, maana hata hao wateja alikuwa bado hajawajua. Weledi na uadilifu akavitetea kidogo, kisha akakubali kwamba mteja hawezi kuviona kwenye sentensi; ataviona kwenye kazi au hataviona kabisa. Mwisho tukabaki na "kutoa huduma za kifedha", jambo ambalo hata mashine ya kutolea pesa inalifanya, tena saa ishirini na nne.

Kuna vipimo viwili ambavyo huwa navitumia kwa sentensi za namna hii, na nilimpa vyote. Cha kwanza, iweke chini ya jina la mshindani wako uone kama inamkaa. Ikimkaa bila kubana popote, basi siyo yako. Cha pili ndicho kigumu: nitajie kazi moja ya halali, yenye hela nzuri, ambayo sentensi hii inakukataza kuichukua. Alikaa kimya muda, halafu akasema, "Hakuna."

Wala hakuwa peke yake. Mashirika makubwa yenye watu wa kulipwa kuandika mambo haya yameandika vibaya zaidi. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ilikuwa na maadili manne iliyoyatangaza hadharani: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Desemba 2001 ikaomba kufilisika, baada ya kubainika kwamba madeni mengi yalikuwa yamefichwa kwenye kampuni za pembeni ili vitabu vyake vipendeze. Ukiyasoma yale maneno manne leo huoni kosa lolote ndani yake. Hayakumkataza mtu kitu, kwa hiyo hayakumsumbua mtu.

Linganisha na Johnson & Johnson. Mwaka 1943 mwenyekiti wake, Robert Wood Johnson, aliandika tamko la ukurasa mmoja ambalo kitu chake cha maana zaidi ni foleni. Wa kwanza kwenye foleni ni madaktari, wauguzi, hospitali, akina mama na wengine wote wanaotumia bidhaa za kampuni. Wanafuata wafanyakazi, kisha jamii. Wenye hisa wako mwisho. Mwaka 1982 watu saba walikufa katika eneo la Chicago baada ya mhalifu kutia sumu ya sianidi kwenye vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu ya kampuni hiyo, vilivyokuwa madukani. Kampuni iliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100, ingawa sumu haikuingilia kiwandani. Sitaki kuipamba kampuni hiyo. Miaka ya karibuni imekuwa mahakamani kwa habari ya poda yake, na foleni ya mwaka 1943 haikuizuia kufika huko. Ninachokitazama mimi ni ufundi wa lile tamko. Linasema nani anahudumiwa kabla ya nani. Ukishajua nani yuko mwisho, siku ya hasara unajua pa kuipeleka.

Mtu anayefanya kazi peke yake ana foleni pia, hata kama hajaiandika: mteja, mtu atakayetumia ile kazi, familia, afya, jina lake. Kwa wengi wetu afya ndiyo imewekwa mwisho, na hatukumbuki tuliiweka lini.

Turudi kwa mhasibu. Baada ya sentensi yake kuyeyuka alitaka tukae tuandike nyingine palepale. Nilikataa, kwa sababu dhamira inayoandikwa kwa kufikiria tu huwa inaeleza mtu unayetamani kuwa, na huyo mtu hana ratiba wala bili. Ushahidi uko nyuma, kwenye kazi ulizokwisha kufanya. Nikamwambia afungue mafaili yake ya zamani, barua pepe, hata jumbe za simu, atafute mambo ambayo watu walikuwa wanamjia kumuuliza wakati hayakuwa kazi yake. Hilo kwangu ndilo swali lenye mali nyingi kuliko yote. Kazi uliyopangiwa inaonyesha bosi alikuhitaji kwa lipi; lile ambalo watu walikuvizia koridoni kukuuliza linaonyesha wao walikuona una nini.

Alichokipata hakikuwa kwenye wasifu wake kabisa. Kwenye kampuni ya ukaguzi alikuwa anashughulika na mashirika makubwa. Lakini jumbe za simu zilikuwa za watu wengine: binamu mwenye karakana, jirani anayeshona nguo, mke wa mfanyakazi mwenzake aliyefungua duka la vifaa vya shule. Wote walikuwa wanauliza swali moja kwa maneno tofauti: "Nauza vizuri, mbona sina hela?"

Yeye swali hilo alikuwa analipenda. Alinieleza kwa dakika arobaini bila kupumua, na ndipo nilipojua tumefika. Kwamba mauzo ya mkopo yanahesabika kuwa mapato siku ile mzigo unapotoka, wakati hela inaweza kuja baada ya miezi mitatu au isije. Kwamba bidhaa zilizojazana stoo ni fedha iliyolala, na taarifa ya faida haikuonyeshi kwamba imelala. Kwamba mtu akilipa rejesho la mkopo, ile sehemu ya deni lenyewe haionekani kwenye hesabu ya faida na hasara, inayoonekana ni riba tu. Kwa hiyo karatasi inasema una faida na mfuko unasema huna kitu, na vyote viwili vinasema kweli. Na kwamba mwenye biashara ndogo mara nyingi hajilipi mshahara. Anachota tu, akidhani anakula faida kumbe anakula mtaji.

Nilimwambia arudie hayo ya mwisho, polepole, niandike. Baada ya kuhariri kwa siku kadhaa sentensi yake ikawa hivi:

"Natunza hesabu za biashara ndogo ambazo mwenyewe ndiye anayenunua, anayeuza na anayekusanya madeni, ili kila mwezi ajue kama anakula faida au anakula mtaji."

Ipitishe kwenye vile vipimo. Mshindani wake mwenye wateja wa kampuni kubwa haimkai. Na inakataa kazi: inakataa ukaguzi wa mashirika, inakataa ushauri wa kodi kwa matajiri, inakataa mtu anayetaka vitabu vya kumwonyesha benki na vingine vya kujionyesha mwenyewe. Hilo la mwisho lilimfika mapema tu. Alimjibu kwamba yeye hutengeneza hesabu ili mwenye biashara ajue ukweli, na vitabu vya aina mbili vinamfanya hata mwenyewe asijue aamini kipi. Hakumhubiria. Alimweleza kazi yake ilivyo, basi.

Tulichobishana sana ni kazi ya pili. Kampuni moja kubwa ilitaka amwandalie mhasibu wao mishahara ya wafanyakazi kila mwezi, malipo mazuri, mkataba wa mwaka. Iko nje ya sentensi waziwazi. Mimi, kwa jazba ya mtu ambaye bili zile hazikuwa zangu, nilimwambia akatae. Yeye akachukua kalamu akanipigia hesabu.

Mwaka una wiki 52. Ukifanya kazi siku tano kwa wiki unapata siku 260. Toa siku 30 za mapumziko, sikukuu na homa, zinabaki 230. Kati ya hizo, siku zote huwezi kumtoza mtu: kuna kutafuta wateja, kufuatilia madeni, kuandika mapendekezo ambayo hayajibiwi, kujifunza mambo mapya, kutengeneza kompyuta. Ukidhani theluthi mbili tu ndizo zinazolipwa, una siku 153 za kubeba gharama za mwaka mzima. Aligawanya mahitaji yake ya mwaka kwa 153, akaona wateja wadogo aliokuwa nao wakati ule walikuwa wanafikia kama nusu ya kiwango. Akachukua ile kazi ya mishahara. Lakini akaiweka kwenye daftari lake chini ya kichwa tofauti, "kazi za bili", na akajiwekea kwamba kazi za namna hiyo hazitazidi siku mbili kwa wiki, na kwamba hazitangazi wala haziweki kwenye orodha ya kazi anazozionyesha watu.

Alikuwa sahihi. Dhamira isiyojua hesabu ya chini kabisa unayohitaji ili uishi ni ndoto nzuri, na mwenye ndoto akishikwa na njaa huchukua kazi mbaya kuliko hata yule asiye na dhamira, tena kwa bei ya hasira. Kwa hiyo siku hizi mtu akinijia na sentensi, namwomba na ile namba.

Kuna mtu mmoja wa zamani ambaye hadithi yake humsaidia kila anayeogopa kwamba kazi za bili zitamtoa njiani. Juni 1708, mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, akiwa na umri wa miaka 23, aliwaandikia wakuu wa mji wa Mühlhausen huko Ujerumani barua ya kuacha kazi ya kupiga kinanda kanisani. Ndani yake alitaja shabaha yake: muziki wa kanisa uliopangwa sawasawa, kwa utukufu wa Mungu. Maneno machache, yana kazi ndani yake na yana anayefanyiwa. Na katika barua hiyohiyo akalalamikia maisha kuwa magumu kwa kipato alichokuwa anapata. Hilo nalipenda sana. Shabaha na kodi ya nyumba kwenye karatasi moja, bila aibu.

Halafu angalia alikopita. Alikwenda Weimar, na alipotaka kuondoka huko mwaka 1717 mtawala alimweka kizuizini karibu mwezi mzima kwa kung'ang'ania kuachishwa. Akaenda Köthen kwa mtawala mwingine aliyependa muziki, lakini dhehebu la pale halikutaka muziki mwingi kanisani, kwa hiyo kwa takriban miaka sita alitunga zaidi muziki wa ukumbini. Mwaka 1723 akaingia Leipzig, na huko katika miaka ya mwanzo alikuwa akitoa muziki mpya wa ibada karibu kila Jumapili. Bach aliajiriwa karibu maisha yake yote, kwa hiyo simtumii kama mfano wa kujiajiri. Namtumia kwa sababu ya ile miaka 15 kati ya barua na Leipzig. Sentensi yake ilikuwa imeandikwa tayari, na bado alitoka nje yake kwa muda mrefu, na alichokitunga akiwa nje kinasikilizwa mpaka leo.

Na yangu? Yangu ni fupi: "Nahariri maandishi ya watu wanaolijua jambo lao vizuri kuliko wanavyoweza kulieleza." Nimeipata kwa njia ileile ya kuchimba mafaili. Kazi zilizonipa raha zilikuwa za mhandisi wa maji, daktari, mtaalamu wa udongo. Watu ambao ukiwauliza kwa mdomo wanakueleza ukaelewa, lakini wakishika kalamu wanaanza kuandika kama tangazo la zabuni. Kazi zilizonichosha zilikuwa za watu wasio na la kusema wanaotaka liandikwe kwa uzuri.

Inanilinda kwenye kona nisiyoitarajia. Karibu kila msimu wa kuwasilisha tasnifu napata wanafunzi wanaotaka niwaandikie. Hawasemi "niandikie", wanasema "nisaidie kuiweka sawa", na faili likifunguka ndani kuna kichwa cha habari na shukrani kwa wazazi. Zamani ningejizungusha, ningesema nimebanwa. Sasa namwuliza anieleze utafiti wake kwa dakika tano kwenye simu. Akiweza, nimepata mteja mzuri, na kazi ya kuandika inabaki yake. Asipoweza, hata mwenyewe anaona kwamba hatuna cha kuhariri.

Mambo madogo ambayo huulizwa, niyapitie haraka. Sentensi hii si lazima mteja aisome. Tangazo lako linaweza kusema vingine kabisa, kwa lugha ya mteja. Isichanganywe na lengo la kipato, maana lengo hufikiwa na dhamira haifikiwi. Isiwe na orodha ya huduma. Na usiiandike ukiwa na hasira na mwajiri uliyemwacha. Nimesoma nyingi za namna hiyo na zote zina neno "uhuru" mahali fulani, jambo linaloeleza ulikotoka bila kugusa unachokwenda kumfanyia mtu. Subiri hasira ipoe, au andika kwa hasira kisha uifiche droo moja kwa miezi mitatu.

Kubadilika inabadilika, na naona ni vizuri ibadilike kwa sababu ya wateja kuliko kwa sababu ya kuchoka. Mhasibu wangu sasa ana msaidizi. Mkataba wa mishahara ulipoisha hakuuhuisha, nafasi ikajazwa na biashara ndogo, na baadhi ya hizo ndogo zimekua. Yule wa karakana ana wafanyakazi, ana mtu wa mauzo, ana anayefuatilia madeni. Msaidizi akamwuliza: huyu bado ni wetu? Sentensi inasema mwenyewe ndiye anayenunua na anayeuza, na huyu siku hizi hata stoo haingii. Yeye anasema ni wake, maana wametoka mbali. Msaidizi anasema akibaki huyo watabaki na wengine kama yeye, na baada ya muda watakuwa kampuni ya ukaguzi aliyoikimbia. Nadhani msaidizi ana hoja, na nadhani atashindwa.

Juzi mhasibu akanitumia sentensi mpya niitazame, ndefu kuliko ile ya kwanza, na "mbalimbali" limerudi. Nimemwambia safari hii namtumia na ankara.